Inchi Mbili Kila Upande

Tarehe 9 Septemba

Shangazi wangu,

Shikamoo. Natumaini goti limeacha kukusumbua, na kwamba hukai kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka giza kwa sababu tu sipo wa kukuita mezani. Mimi nilifika chuoni salama. Sanduku nalo lilifika, ila mpini wake ulibaki mkononi mwa mpakia mizigo. Nisalimie jirani yetu Redio, umwambie nimefika, kabla hajawatangazia watu kwamba nimepotea.

Naishi chumba kimoja na msichana mwingine wa mwaka wa kwanza. Ni mrefu mpaka miguu inapita kitanda, kwa hiyo tunamwita Ngazi, na mwenyewe analipenda jina hilo. Anaongea hata akipiga mswaki. Tunaelewana sana: yeye anaongea, mimi nasikiliza.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu unajua nilivyo kwenye simu. Mara ya mwisho ulisema "haloo" mara sita na mimi nipo.

Ukumbi wetu wa kuchorea una meza thelathini zilizoinama kidogo, viti virefu visivyo na mgongo, na harufu ya gundi ambayo sasa imehamia kwenye nywele zangu. Mwalimu wetu tunamwita Bi Rula, kwa sababu siku ya kwanza alipita na ndoo akikusanya rula zetu zote, akazifungia kabatini. "Mtazipata mkishajua kuchora mstari," alisema. Tukachora mistari siku mbili nzima, kwa mkono mtupu, kutoka ukingo mmoja wa karatasi hadi mwingine. Wangu ulitetemeka kama umepigwa na baridi. Siku ya pili mchana ukanyooka, nikajiona nimejenga daraja.

Kisha tukakaa wawili wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja anashika kitu na kukieleza bila kutaja jina lake, mwenzake anakichora kwa kusikia tu. Nilichora alichoeleza Ngazi, kikatoka chujio la chai. Kweli kilikuwa chujio la chai! Zamu yangu ya kueleza, muda ukawa umekwisha.

Sasa jambo lenyewe. Kazi kubwa ya muhula ni hii: kila mtu achore nyumba anayoijua, atengeneze modeli yake kwa kadibodi, kisha aieleze mbele ya watu ambao hawajawahi kuiona. Nimechagua nyumba yetu. Naomba unipimie urefu wa sebule, wa chumba chako na wa chumba changu, vile vilivyopangana mstari mmoja, halafu urefu wa nyumba nzima kwa nje. Unene wa kuta usihangaike nao. Ni inchi sita, kwa sababu rula yangu ya shule iliyovunjika nusu ilikuwa inakaa sawasawa kwenye kizingiti.

Anayekukumbuka kila akiona uzi,
Bi Vifungo wako

*

Tarehe 25 Septemba

Mwanangu Bi Vifungo,

Marahaba. Goti lipo, halijambo, linakusalimu. Redio amepata salamu zako na mtaa mzima umezipata kupitia kwake. Ukisikia lolote kutoka kwake kuhusu nyumba hii, usiamini. Yule akiona sindano atakwambia ameona mkuki.

Vipimo hivi hapa, nimevipima kwa tepu yangu mwenyewe, ile ambayo haijawahi kumkosea bibi harusi yeyote. Sebule, futi kumi na nne na inchi nne. Chumba changu, futi kumi na mbili na inchi nne. Nyumba nzima kwa nje, futi thelathini na nane na inchi nne. Nilipokuwa nje na tepu, Redio aliniuliza kama naishonea nyumba suruali.

Chumba chako ni chumba chako. Umelala humo miaka kumi na miwili, huhitaji mimi kukupimia.

Huyo mwalimu wenu mwenye ndoo amenipendeza. Nieleze zaidi anavyofundisha. Asubuhi anaanza na nini? Mtu akikosea anamwambia mbele ya wenzake au anamvuta pembeni? Anaonyesha kwanza kwa mkono wake, au anawaacha mjaribu? Usiniandikie "anafundisha vizuri". Niandikie kama unanieleza kola inavyopachikwa.

Na jambo moja. Nimeisoma barua yako mara tatu. Ngazi amesema, mwalimu amesema, wewe hujasema neno hata moja. Muda gani huo uliokwisha? Nani aliumaliza?

Shangazi yako

*

Tarehe 11 Oktoba

Shangazi,

Shikamoo. Ahsante kwa vipimo. Mafua yalinishika wiki moja, sasa yamemhamia Ngazi, kwa hiyo chumbani pana utulivu kidogo.

Umeuliza mwalimu anavyofundisha. Asubuhi haanzi kwa kuongea. Anachora kitu kidogo ubaoni, labda ngazi ya hatua nne, anafuta, kisha anasema, "Chora ulichokiona." Tukimaliza anapita meza moja moja. Hashiki penseli ya mtu, anaweka karatasi nyembamba juu ya mchoro wako na kuchora juu yake, ili kosa lako libaki lako na masahihisho yabaki yake. Modeli ya kwanza lazima iwe mbaya. Ndivyo anavyosema: "Nataka mbaya, na nataka leo." Tunakata maboksi ya viatu kwa nusu saa, tunabandika, tunaona penye kosa, tunatupa, tunaanza tena. Mtu akikosea, hamvuti pembeni, lakini hamtaji yeye, anautaja ukuta. "Ukuta huu hauna kazi." Sijui kwa nini hilo halimuumizi mtu, lakini haliumizi.

Mara tatu kwa muhula kuna siku ya ukuta. Tunatundika kazi zetu, na mwenye kazi anasimama kando yake na kuieleza.

Shangazi, muda wa zamu yangu haukuisha. Nilikuwa na kijiko mkononi na sikuweza kutoa neno. Na kwenye siku ya ukuta ya kwanza nilisimama kando ya mchoro wangu, watu ishirini na tisa wakinikodolea macho, ulimi ukaganda. Bi Rula alingoja dakika nzima. Nilijua ni dakika kwa sababu nilikuwa naitazama saa. Kisha akasema kwa upole, "Kaa." Upole wake ndio ulioniliza.

Baadaye alinieleza bila kuficha. Alama ni za kuchora, za modeli na za kueleza. Asiyeeleza kazi yake kwenye siku ya ukuta ya mwisho, tarehe kumi na mbili Desemba, anarudia mwaka, hata kama amechora kama malaika.

Naomba kipimo cha chumba changu. Huku hatukubaliwi kupima kwa kukumbuka.

Mwanao

*

Tarehe 8 Novemba

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na kazi. Kazi ya kawaida tu. Goti, hatujambo. Redio amenunua kiti cha kukaa barazani kwake, kimeelekea mlango wetu.

Nimelia kidogo juu ya hicho kijiko, halafu nimecheka, halafu nimelia tena. Ungeniambia mapema. Sasa sikiliza nikupe siri ya fundi. Mimi mteja akija kwa ukali sitazami macho yake, natazama kola. Kola haina hasira. Wewe pia watazame kola.

Nijibu haya upesi. Hiyo karatasi nyembamba ya kuchorea juu, ni ya aina gani? Je, kama wanafunzi wawili wanachekana, mwalimu anawatenganisha? Na kama kuna mmoja anayelia kila akiharibu, anamfanya nini? Na mwalimu mwenyewe akisahau alichotaka kusema, anafanyaje?

Chumba chako ni futi kumi na kitu.

Shangazi yako

*

Tarehe 20 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini kazi ya kawaida imepungua. Hapa ni mbio tu, watu wanalala na vipande vya kadibodi kwenye soksi.

Karatasi ni ile nyembamba inayoonyesha upande wa pili. Wanaochekana anawapa modeli moja waitengeneze pamoja. Kwetu hakuna anayelia, ukiniondoa mimi. Akisahau, anasema, "Nimesahau, nikumbusheni mlipo," nasi tunamkumbusha. Mbona unauliza mambo haya? Unajiandaa kuja kufundisha huku?

Nilitazama kola kwenye siku ya ukuta ya pili. Ilisaidia. Nilisema, "Hii ni nyumba ya..." Kisha nikaona kola ya kijana wa mstari wa mbele imekunjika ndani upande mmoja. Shangazi, umenilea vibaya. Nikasema, "Kola yako," naye akaitengeneza, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nikakaa. Bi Rula aliandika kitu kwenye daftari lake. Ngazi anasema aliliona tabasamu lake, lakini Ngazi hutia chumvi.

Sasa nina taabu nyingine. Modeli imekataa. Nimechukua urefu wa nje, nikatoa kuta nne za inchi sita, nikatoa sebule na chumba chako. Kinachobaki kwa chumba changu ni futi tisa na inchi nane. Haiwezekani! Kitanda changu ni futi sita, meza yangu ni futi nne, na vilikaa kichwa kwa mguu, ukuta kwa ukuta, mpaka ufagio haukupita. Ni futi kumi kamili. Nimekata kitanda na meza vya kadibodi, nimeviingiza, na meza inapanda juu ya kitanda. Inchi nne za chumba changu zimekwenda wapi? Na "kumi na kitu", kitu gani?

Zimebaki wiki tatu. Nikisimama na modeli ya uongo sitaweza hata kufungua mdomo. Nimefikiri sana. Nikishindwa, sitarudia mwaka, nitarudi nyumbani unifundishe kushona. Kushona hakuhitaji kuongea.

Mwanao

*

Tarehe 27 Novemba

Mwanangu,

Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, nikamwambia ikichelewa asije kwangu na suruali tena.

Inchi zako nimeziona. Nilisoma barua yako, nikachukua tepu, nikapima sebule upya. Futi kumi na nne kamili. Nikakaa chini. Mwanangu, niliongeza nafasi ya kukunjia! Inchi mbili kila upande, ndivyo ninavyokata kila kitambaa tangu nikiwa msichana. Sikuwaza hata kidogo, mkono uliandika wenyewe. Punguza inchi nne kwa kila nilichokupa na nyumba yako itakaa sawa. Nimeishonea nyumba pindo.

Sasa la pili, ambalo ni zito zaidi. Kipimo cha chumba chako sikukupa kwa sababu nisingeweza kukipima bila kukwambia kilichomo. Kina vyerehani vinne. Kitanda chako nimekisimamisha stoo. Ulipoondoka tu, mama mmoja alikuja na binti yake nimfundishe, kesho yake wakaja wengine watatu, na mimi ambaye sijui kusema hapana nikafungua mlango wako. Nilitaka kukuomba ruhusa, kila barua nikaona aibu. Nyumba ilikuwa kimya mno, mwanangu.

Maswali yangu yote yalikuwa ya kwangu. Siku ya kwanza nilisimama mbele ya wasichana wanne, mimi niliyeshona miaka thelathini, nikasahau neno "sindano". Nikainyoosha tu hewani. Tangu hapo kila ulichoniandikia nimekifanya. Rula zao nimezifungia. Wanakata gauni la karatasi kwanza, baya, la siku hiyohiyo. Hata "pindo hili halina kazi" nasema. Huyo Bi Rula ana mwanafunzi mmoja zaidi ya anaowajua.

Chumba kimekaa hivi: meza ya kukatia iko chini ya dirisha, ili nione kitambaa vizuri. Wasichana wamepanga vyerehani ukuta wa mbele, migongo yao inalielekea dirisha.

Kushona hakuhitaji kuongea? Njoo uwasikie hawa. Ukija kwa likizo, karibu. Ukija kwa kukimbia, nitakukalisha nyuma ya darasa na nitakuuliza wewe kila swali.

Unisamehe chumba.

Shangazi yako

*

Tarehe 14 Desemba

Shangazi,

Shikamoo! Barua yako ilifika siku ya tatu, dereva mwenyewe alinitafuta mpaka getini. Nilipofika kwenye pindo nilicheka mpaka Ngazi akadhani nimechanganyikiwa. Nilipofika kwenye chumba niliikunja barua nikaiweka chini, sitakudanganya. Kisha nikachukua kisu, nikakata kitanda kutoka kwenye modeli, na nikatengeneza vyerehani vinne vya kadibodi, kila kimoja kikubwa kama ukucha. Nilipowaweka wasichana wanne wa kadibodi vitini, nikaona sitaki tena kitanda changu pale.

Tarehe kumi na mbili walikuja wageni wawili, wasanifu majengo wenye kazi zao mjini. Mmoja ni mama wa makamo mwenye miwani mnyororoni. Nilisimama. Nikasema, "Hii ni nyumba ya shangazi yangu." Nikaishiwa.

Yule mama akainama juu ya modeli na kusema, "Hiki chumba cha mwisho ni kidogo. Kitanda kitakaa wapi?"

"Si cha kulala," nikasema. "Ni darasa."

"Darasa la nini?"

"La kushona. Wasichana wanne."

Akaitazama tena. "Basi ni darasa baya," akasema. "Wanafanya kazi ndani ya vivuli vyao wenyewe."

Shangazi, nilikasirika. Sikumbuki kukasirika hivyo mbele ya watu maishani. Si kwamba alikosea. Nilikuwa nimeliona mwenyewe nilipokuwa nabandika viti, na nilikuwa nimelichorea dawa, na dawa yenyewe ilikuwa ukutani nyuma yangu, na yeye hakuiona kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yake nimenyamaza!

Nikasogea pembeni. Nikasema, "Ndiyo, lakini tazama hapa." Nikamwonyesha ukuta wa mwisho, ule usio na kitu. Nikamwambia nimelala chumba kile miaka kumi na miwili, na najua ukuta ule unapata joto tangu saa mbili asubuhi, kwa hiyo mwanga uko pale nje unabisha hodi. Nikasema sindano ya cherehani iko kushoto na mkono wake uko kulia, kwa hiyo fundi anataka mwanga wa kushoto, na ukuta ule uko kushoto kwao. Nikasema dirisha liwe refu kwa upana, chini yake lianze juu ya meza, si juu ya kichwa. Nikachomoa ukuta wa kadibodi nikaweka ule wenye dirisha, na nikaomba taa ya mezani. Nikaimulika kutoka nje. Vivuli vya wasichana wote wanne vikahama kwenye kazi zao vikalala sakafuni. Kijana wa kola akasema, "Loo!"

Yule mama akauliza maswali mengine, nikajibu. Akabisha, nikabisha. Sijui niliongea muda gani. Ngazi anasema dakika kumi na nne, na safari hii nadhani hakutia chumvi, maana Bi Rula alikuja akanigusa bega na kusema, "Inatosha, wenzako wanangoja zamu." Kisha akasema neno lilelile, "Kaa," lakini Shangazi, halikuwa neno lilelile kabisa.

Nimefaulu! Alama za kueleza zimepita za kuchora.

Nilipomweleza Bi Rula habari za inchi mbili kila upande alicheka mpaka akavua miwani. Anakupa salamu, na anauliza kama wasichana wako wanafunga nyuzi kabla ya kukata au baada.

Naambatanisha mchoro wa dirisha, na vipimo vyote. Hakuna nafasi ya kukunjia. Chumba nakupa.

Mwanao

*

Tarehe 22 Desemba

Mwanangu,

Marahaba, marahaba, marahaba! Barua yako nimeisoma kwa sauti darasani. Nilipofika "nikabisha" wasichana walipiga meza. Redio alisikia kelele akaja mbio, nikaisoma upya tangu mwanzo, na sasa mtaa mzima unaamini ulimfokea waziri.

Mwambie mwalimu wako, baada. Na umwambie ahsante, kwa sauti, usimwandikie.

Mchoro wako nilimpa fundi mwashi. Akaugeuza huku, akaugeuza kule, akasema, "Huyu aliyechora anajua anachotaka." Nikasema ni mwanangu. Jana amevunja ukuta. Kuna vumbi mpaka kwenye sukari. Fremu bado, kioo bado, tumefunika kwa shuka usiku.

Lakini kuna ugomvi. Leo asubuhi nimeingia nikakuta wasichana wameondoa shuka na kuvigeuza vyerehani vyote vinne, vinalitazama shimo moja kwa moja. Nikawaambia mchoro unasema mwanga utoke kushoto. Yule aliyekuwa analia kila akiharibu ndiye aliyenijibu: "Mwalimu, tukigeuka hivyo hatuoni nje." Nikawaeleza habari za sindano, nikawaeleza habari za kivuli. Wanasema wamekuelewa ila hawakubali. Wamenishinda.

Fremu inawekwa Jumatano. Panda basi la Jumatatu, utalala na mimi. Nimewaambia mwenye dirisha anakuja, na kama wana la kusema wamwambie yeye. Wanasema haya, na wamekwisha kupanga nani ataanza.

Shangazi yako